Dirisha la Kambi ya Munyu

Mwezi uliopita tulimzika kocha wa zamani wa Munyu, na kama ilivyo desturi ya matanga ya watu wa mpira, chakula kilikuwa tele na machozi haba. Si kwamba hakupendwa. Alipendwa mno. Lakini watu wa mpira wakikutana hawaanzi kwa kulia, huanza kwa kusimuliana mechi. Wakaketi chini ya turubai kule Gongoni, wale waliokuwa vijana wembamba wa timu, sasa wengine wameota vitambi, sahani za wali magotini, wakaanza kuicheza upya kwa midomo ile robo fainali yetu. Mimi nilikuwa nimeinamia sufuria, napakua. Nikawasikia wanakaribia mahali ninapopajua: "Na ingekuwa si yule mwanamke..." Kicheko kikaanza, kikakatika, mtu akakohoa, kwa kuwa mwanamke mwenyewe ni mimi. Miaka sita nimeyameza maneno hayo kama mtu anavyomeza kwinini. Siku ile yalinikwama. Nikaweka upawa chini, nikamwendea Mzee Kitsao, aliyekuwa nyapara wa mabwawa ya chumvi na mwenyekiti wa kamati ya ufundi ya timu, nikamwambia mbele ya watu: "Shikamoo, mzee. Udongo wa kocha haujakauka, basi leo usiseme uongo. Nani aliyemficha Karisa kwamba mtoto wake anakufa?"

Hakukasirika. Laiti angekasirika. Alipangusa vidole, akaitikia kwanza, "Marahaba, mwanangu," kisha akasema kwa utulivu, kama mtu anayekuelekeza njia: "Mimi sikumficha. Nilimwambia Ijumaa ile ile uliyokuja. Akanijibu, mwambie asubiri mechi iishe. Na Jumamosi ulipopiga kelele pale uani, yeye mwenyewe ndiye aliyeinuka akaongeza sauti ya redio. Huyo hapo, muulize." Nikageuka. Karisa, mume wangu, kipa wa Munyu, alikuwa ameshika mfupa wa nyama. Hakuutia mdomoni wala hakuuweka chini.

"Karisa?"

"Mzee anazeeka," akasema. "Usimsikize."

Wengine wote waliangalia sahani zao. Wanaume kumi na kitu, wote waliokuwa katika chumba kile cha kambi, na hapana hata mmoja aliyesema "mzee ni mwongo". Nilimshika mtoto mkono, nikaondoka matangani bila kuaga wafiwa, jambo ambalo kwetu ni aibu kubwa. Siku ya tatu nilikuwa Malindi, mtaa wa Shella, kwa Bi Mwanaidi, na ni hapa ninapoandika. Nina miaka ishirini na sita. Kuna mtu alinicheka, ati kumbukumbu ni za wastaafu. Acha acheke. Mwaka mmoja ukitosha kukuzeesha, unatosha kuandikwa.

Mwaka wenyewe ulikuwa ule wa mahindi ya manjano. Mvua ilikataa, maghala yakaisha, serikali ikaleta mahindi ya msaada, na nchi nzima ikala ugali wenye rangi ya kiini cha yai na harufu ya gunia. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimeolewa, nimezaa, yote hayo kabla sijajua vizuri kusonga sima. Tuliishi katika laini za wafanyakazi wa chumvi, chumba kimoja cha mabati, na mabati yenyewe yameliwa na chumvi mpaka ukiegemea ukuta unaacha alama ya bega. Chumvi ilikuwa kila mahali. Ilikuwa kwenye nyusi za Karisa akirudi kazini, ilikuwa kwenye godoro, nikimbusu mtoto utosini naionja. Mtoto ni Mbeyu. Wakati huo alikuwa ndiyo kwanza ameanza kukaa bila kuegemezwa. Nilimnyonyesha huku mwenyewe nala sima ile ya manjano kwa mchicha, siku njema kwa dagaa. Mama Achieng', jirani yangu kutoka bara, alikuwa akiniangalia akitikisa kichwa. "Wewe unanyonyesha mtoto na nini? Na maji?" Mumewe, Ouma, alikuwa mshambuliaji wa Munyu. Munyu ni chumvi kwa Kigiriama, na hata Wajaluo na Wakamba wa kule mabwawani waliiita timu hivyo hivyo.

Sasa nieleze habari ya kombe, maana asiyejua kombe hatajua kwa nini watu wazima walichanganyikiwa. Lilikuwa ni lile kombe la taifa la mtoano. Karisa alinifundisha siku moja akiwa amelala chali, mtoto kifuani, mikono yake mikubwa ikimfunika mgongo wote. "Ligi ina kesho," alisema. "Leo wafungwa, wiki ijayo wafunga. Mtoano hauna kesho. Ukifungwa mara moja, unakunja jezi." Ndiyo maana, alisema, watu wadogo walilipenda. Katika ligi timu kubwa hukushinda polepole, kwa pesa na kwa mwaka mzima. Katika kombe, unaweza kumkamata mkubwa siku moja akiwa na usingizi. Lakini hiyo ilikuwa hadithi tu. Tangu sijazaliwa kombe lilikuwa likizunguka katika mikono ile ile, klabu mbili tatu za Nairobi na moja ya Mombasa, na sisi wa pwani ya kaskazini tulilijua kwa redio. Munyu iliingia kila mwaka na kila mwaka ilitoka mzunguko wa kwanza, mara kwa walimu, mara kwa askari wa magereza, mara moja kwa wanafunzi, na hiyo ya wanafunzi hakuna aliyeitaja.

Mwaka ule, sijui ni njaa iliyowatia hasira, walianza kushinda. Wakashinda Kilifi. Wakashinda Voi, Ouma akifunga kwa kichwa huku damu inamtoka puani. Kisha wakaenda Mombasa wakawatoa wafanyakazi wa bandari kwa penalti, Karisa akizuia mbili, na lori la chumvi lililowabeba lilipoingia Gongoni wanawake walitoka na vifuniko vya sufuria wakivigonga. Hata mimi niligonga. Nilikuwa nimemfunga Mbeyu mgongoni, nagonga kifuniko na nalia kwa furaha, na sioni haya kuliandika hilo. Halafu droo ikatoka redioni: robo fainali, Munyu na ile klabu kubwa kuliko zote za Nairobi, mechi ichezwe Malindi. Tangu siku hiyo hatukuwa na waume tena.

Kila timu ina kamati ya ufundi. Hata zile zenye makocha Wazungu zinayo, na anayekataa hajui mpira wa nchi hii. Ufundi wenyewe si wa mpira. Kocha anafundisha kukimbia, kamati inashughulika na yale mengine. Mzee Kitsao alikwenda upande wa Vitengeni kwa mganga, akarudi na masharti. Wachezaji wakae kambini wiki nzima, mbali na wake zao. Wasipeane mikono na mtu. Siku ya mechi wasipite lango la uwanja, waruke ukuta. Na uwanja wote uzungushwe chumvi, chumvi ya kwetu, badala ya chokaa. Mistari yote ichorwe kwa ile chumvi chafu isiyouzika, na ikishachorwa mwanamke asiivuke kabla ya wachezaji, hasa mwanamke anayenyonyesha, na zaidi ya huyo, mwanamke aliye katika siku zake. Baraza la mji lilichukia baadaye, maana nyasi zilikufa. Mpaka leo ukisimama pale unaona uwanja ndani ya uwanja, mistari mikavu ya udongo mtupu ambayo hapana mvua iliyoiotesha.

Kambi iliwekwa hapa kwa Bi Mwanaidi. Ni nyumba ya kale ya mawe, kuta nene, ukumbi mmoja mbele na chumba kirefu nyuma, na chumba hicho kina dirisha dogo la mbao linalotazama ua, liko juu kidogo ya kichwa cha mtu aliyesimama. Bi Mwanaidi ni mjane wa mfanyabiashara, mwanamke wa maneno machache yenye pilipili, na aliwapikia yeye mwenyewe. Wake wa wachezaji tulipewa zamu ya kufua jezi palepale uani, kwenye birika, lile tangi la mawe la maji, kwa sharti tusiinue macho kuelekea dirishani. Jumanne ilikuwa zamu yangu. Nilitoka Gongoni na Mbeyu mgongoni, nikafika nikakuta Bi Mwanaidi anakaangia kitunguu cha pilau. Jamani, harufu ile. Mate yalinijaa mdomoni mpaka nikaona haya. "Keti, mwanangu," akaniambia, akanipakulia ukoko kwenye kisahani. "Kula upesi. Mwenyekiti wenu akiona atasema nimewapunguzia mabao." Nikala nimechuchumaa, nyuma ya jezi zinazochuruzika maji, na kutoka dirishani nikawasikia.

"Karisa," hiyo ni sauti ya Ouma, "hao wa Nairobi wana mtu anapiga mpira mpaka nyavu zinalia."

"Mwambie aje na leso azipanguse."

"Kipa wetu amenenepa. Ule pilau umemkaa."

"Goli limenenepa, ndugu yangu? Basi kipa naye anenepe, ajaze."

Wakacheka wote. Nami nikacheka kimyakimya, kiganja mdomoni. Nilikijua kicheko chake katikati ya vicheko kumi na sita.

Alhamisi Mbeyu alishikwa na homa. Ijumaa asubuhi macho yalikuwa meupe ndani, viganja vyeupe, ulimi mweupe, na alipolia sauti ilitoka ndogo kama ya paka kwenye gunia. Mama Achieng' hakuuliza, alifunga mlango wake, akachukua kikapu, tukapanda lori la chumvi kwenda Malindi. Hospitalini walimtazama mara moja wakatupeleka mbele ya foleni. Hapo ndipo nilipoogopa, maana mtu hapelekwi mbele kwa wema. Muuguzi alikuwa mwanamke wa makamo, mpole. "Malaria imemla damu," akasema. "Anahitaji kuongezwa, na damu hatununui, inatoka kwa ndugu." Nikanyoosha mkono. Wakanipima. Akaitazama ile chupa ndogo, akanitazama mimi, akaniuliza nimekula nini wiki ile. Nikamwambia. "Mama, wewe mwenyewe huna. Nikikutoa, nitakuwa na wagonjwa wawili." Mama Achieng' akanyoosha wake, damu yake haikupatana. "Baba yake yuko wapi?"

Baba yake alikuwa mwendo wa kutafuna muwa mmoja kutoka pale, anakula pilau.

Nikamwacha Mama Achieng' kitandani na mtoto, nikaenda Shella. Mzee Kitsao alikuwa barazani, kiti kimeziba mlango. Nikamweleza kila kitu: damu, kupimwa, muuguzi. Alinisikiza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nitamfikishia. Nenda kakae na mtoto."

"Niitie nimwambie mwenyewe."

"Mwanangu, masharti unayajua."

"Atakuja lini?"

"Nitamfikishia."

Nikarudi, nikangoja. Kwa kila mwanamume mrefu aliyeingia wodini niliinuka. Jua likazama, Karisa hakuja. Mama Achieng' alinipa uji akanilazimisha kunywa. "Kunywa, utengeneze maziwa," alisema. "Hasira weka kesho."

Asubuhi ya Jumamosi Mbeyu aliacha kunyonya. Alikuwa akilitia titi mdomoni na kulisahau. Muuguzi alinivuta pembeni akasema, bila kunizungusha, "Leo. Si jioni. Leo hii." Nilikimbia Shella kwa miguu mitupu, kandambili mkononi. Safari hii sikwenda barazani, nilipita kichochoroni nikaingia uani. Bi Mwanaidi alikuwa jikoni anaepua mahamri, hakunizuia. Dirisha lilikuwa wazi. Ndani redio ilikuwa ikiimba kwa sauti ya chini, na juu ya redio nikasikia kicheko chake, kile nilichokijua. Nikasimama kando ya birika, nikapaza sauti:

"Karisa! Mbeyu hana damu! Wanaitaka yako! Karisa, anakufa!"

Kicheko kikakatika. Chumba kikanyamaza, wote, kwa ghafla. Kisha redio ikapanda. Ikapanda mpaka mbao za dirisha zikatetemeka, na katika ile kelele sikusikia tena kitu, na nikajua kwamba hata mimi sitasikika tena. Mzee Kitsao akatokea uani, amefura. "Unataka nini wewe? Leo ndiyo siku ya kipa kutolewa damu? Damu ya kipa ni damu ya timu! Akitoka leo tumefungwa kabla ya kipenga!"

"Kwa hiyo mtoto afe?"

"Mulungu ndiye anayejua wa kufa."

Miaka sita nimejiambia redio iliongezwa na mtu wa kamati. Karisa hakujua ni mimi. Ukuta ni mnene, dirisha liko juu, wanaume walikuwa wanazungumza. Nililihitaji jambo hilo liwe kweli, na mtu akihitaji jambo liwe kweli hulilea kama mtoto.

Nilipotoka kichochoroni sikuelekea hospitali. Miguu ilinipeleka uwanjani. Vijana wa mabwawani walikuwa wamekwisha kumwaga chumvi. Mstari ulizunguka uwanja mzima, mweupe, unameta juani, na watu wa mapema wameshaanza kujaa. Sikusita. Niliuvuka ule mstari kwa mguu wa kushoto, nikatembea mpaka goli la kaskazini, nikatandika kanga juu ya mstari wa goli, nikaketi katikati ya milingoti miwili.

Kwanza walicheka. "Munyu imebadilisha kipa!" mmoja akapiga kelele. "Afadhali huyu, amekaa, hatapitwa na mpira wa chini!" Kisha wakatambua mimi ni nani na nimeketi wapi, na kicheko kikafa. "Mtoeni!" "Mtoe wewe!" "Mimi? Nimguse na hilo ziwa linavyovuja? Mtoe wewe mwenye mke mmoja!" Maana maziwa yalikuwa yameanza kunitoka. Mtoto hanyonyi, saa ya kunyonya imefika, mwili hauna habari ya kombe. Blauzi ililowa mbele yote. Askari polisi alisogea hatua mbili, mshabiki mmoja akamshika mkono akamnong'oneza, askari akarudi nyuma.

Mzee Kitsao alikuja mbio, kiatu kimoja mguuni. Alisimama nje ya mstari. Hakuthubutu kunikaribia.

"Inuka, mwanangu. Nakuomba."

"Sasa mimi ni mwanako? Mlete Karisa hospitali."

"Inuka, nitamleta."

"Jana ulisema utamfikishia. Siinuki. Karisa aende, atoe damu, na aje Mama Achieng' hapa, kwa miguu yake, aniambie damu imeingia kwa mtoto. Ndipo nitaondoka."

"Umenajisi uwanja."

"Bado," nikamwambia, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye miti. "Sijakwambia kama nimo katika siku zangu au simo. Nikwambie?"

Wanaume waliziba masikio. Naapa, watu wazima, wenye ndevu, waliziba masikio. Mimi sikuiamini ile chumvi hata punje. Wao waliiamini, na kwa hiyo ikawa yangu, ikanilinda kuliko askari. Mzee Kitsao alinitazama, akatazama goli, akageuka akakimbia kuelekea Shella. Nikabaki. Jua lilipanda mpaka kivuli changu kikaingia chini yangu. Chumvi ilinishika mapajani, ikanichoma penye vijikwaruzo. Sikuwa nawaza mpira wala ndoa. Nilikuwa nikihesabu pumzi za mtoto aliye mbali nami, kana kwamba nikiacha kuhesabu naye ataacha kupumua. Watu wakajaa pembezoni, wakaketi, wakanitazama kama mchezo, na mwanamke mmoja muuza machungwa, simjui mpaka leo, akanirushia chungwa lililomenywa. Likaanguka mchangani. Nikalipangusa nikala.

Mama Achieng' alikuja akiwa ameshika kiuno kwa kuishiwa pumzi. Alivuka mstari bila hata kuutazama. "Imeingia," akasema. "Chupa nzima. Ameanza kulia kwa sauti. Alikuja akikimbia, Karisa, jasho mpaka kwa viatu. Inuka, mtoto anataka ziwa."

Alikuja akikimbia. Hayo ndiyo niliyoyashika. Nilitoka uwanjani kwa lango, kanga imegandwa na chumvi, na umati ukanipisha njia pana.

Mechi sikuiona. Niliisikia dirishani mwa wodi, Mbeyu akinyonya kwa pupa, mashavu yake yakirudi rangi mbele ya macho yangu. Uwanja haukuwa mbali. Kelele zilipanda, zikashuka, zikapanda, na kila zilipopanda wagonjwa waliinua vichwa. Karisa alidaka, ametoka kutolewa damu, na wote wanasema hajawahi kudaka vile. Kisha, karibu na mwisho, ukaja ule ukimya ambao hauhitaji kuelezwa. Mpira ulimgusa vidole ukaingia. Bao moja, na hakuna kesho.

Tulirudi Gongoni kukawa hakukaliki. Walinitungia jina, Mama Goli. Watoto waliniimba kisimani. Jirani akiishiwa kibiriti alipita mlango wangu akaenda kuomba wa tatu. Kocha peke yake, Mungu amrehemu, alikuja akaketi kwenye kigoda akasema, "Mama, tulifungwa kwa sababu beki wangu alilala," akanywa chai akaenda zake. Karisa hakunitetea. Hakunishambulia pia. Alinyamaza miaka sita, na mimi niliutafsiri ukimya wake kwa wema: mtu aliyekimbia vile hana haja ya kusema. Nilimpikia kwa ajili ya zile mbio. Nilivumilia Mama Goli kwa ajili ya zile mbio. Sasa maneno ya Kitsao yananiambia alikimbia kwa sababu tu uwanja umekaliwa.

Jana Karisa alikuja hapa Shella. Bi Mwanaidi alimkaribisha barazani, akamletea kahawa, akapita ndani akaniambia, "Mume si kanga, mwanangu, kwamba waweza kuikunja ukairudisha dukani. Msikize. Lakini usisikize kwa sikio la njaa." Nikatoka. Alikuwa amevaa shati jeupe, amenyoa. Alisema Kitsao alimwambia mtoto ana homa, basi. "Homa, Kadzo! Mtoto gani hana homa? Damu hakuitaja. Na ile Jumamosi nilisikia sauti ya mwanamke uani. Sauti tu. Neno sikulisikia. Unalijua lile dirisha."

"Redio nani aliongeza?"

"Mtu aliongeza."

"Mtu gani?"

"Miaka sita, Kadzo. Nilimpa damu yangu. Imo mwilini mwake hata sasa. Wataka nini zaidi?"

Ni kweli alimpa, hilo sitalikana mbele ya yeyote. Nikamwambia angoje palepale, nikirudi nitamwambia kama nafunga mizigo. Nikaingia chumba kirefu cha nyuma. Bi Mwanaidi huweka humo magunia ya mchele siku hizi. Nikasimama mwisho kabisa, kwenye pembe iliyo mbali na dirisha, ambapo Bi Mwanaidi aliniambia palikuwa na mkeka wa makipa. Nikawasha redio ya Bi Mwanaidi, sauti ya chini, dirisha wazi, kama siku ile. Mbeyu nilikuwa nimemsimamisha uani kando ya birika. Anaanza shule mwakani. "Usipige kelele," nilikuwa nimemwambia. "Sema lolote, kwa sauti unayosema nayo ukiwa umenikalia mapajani."

Kwa muda kidogo ilikuwa redio tu, na moyo wangu, na nakiri nilikuwa naomba. Nilikuwa naomba nisisikie kitu.

"Mama," akasema. "Kuku amepanda birikani. Mama, hili jino latikisika, la mbele hili. Nilivute? Mama, wanisikia?"

Nilisikia kuku. Nilisikia jino. Nilisikia hata alipovuta kamasi. Nikazima redio, nikatoka mpaka barazani. Karisa aliinuka aliponiona, mikono mbele, vidole wazi, kama anayengoja mpira.

"Nenda nyumbani, Baba Mbeyu," nikamwambia. "Sisi tunabaki."